SOMO LA WIKI: Stika ya i5 si kipimo, soma namba ya prosesa kabla ya kulipa

Kwa kawaida ukurasa huu huwaletea wasomaji habari za viazi, mbao na maparachichi. Wiki hii tunayaweka magunia pembeni kidogo. Wasomaji wetu wa Njombe na Makambako wamekuwa wakiuliza jambo moja kwa namna nyingi: kompyuta mbili za mezani zimekaa rafu moja, zote zimebandikwa stika ya i5, lakini moja inauzwa karibu mara mbili ya nyingine. Je, muuzaji anatuibia, au kuna tofauti ya kweli?

Swali hili ni la fedha, tena fedha ambazo hazirudi. Anayefungua steshenari karibu na stendi ya Makambako, anayetunza hesabu za kiwanda cha mbao, na mwenye studio ya kuhariri video za harusi mjini Njombe, wengi wao hununua kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya au Uarabuni, zikaingia Dar es Salaam na kupandishwa huku kwa basi au lori. Mtu akichukua mashine 6 kwa fedha za mkopo wa kikundi, kisha akagundua kwamba hazimfai, nauli ya kuzirudisha peke yake inakula faida ya mwezi, na marejesho ya mkopo hayasubiri.

Jibu letu ni kwamba tofauti ipo, ni kubwa, na haipo kwenye stika.

Gunia bila mizani

Kila mkulima wa viazi wa mkoa huu anaijua lumbesa. Gunia ni gunia kwa jina, lakini lililofungwa kilemba juu si sawa na lililoshonwa mdomoni, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo wamehimiza kwa miaka mingi kwamba mazao yauzwe kwa kilo. Jina la i5 ni gunia la namna hiyo. Kampuni ya Intel ilianza kulitumia mwaka 2009, na kwa zaidi ya miaka kumi likawekwa juu ya chipu zenye viini 2, zenye viini 4, zenye viini 6, na baadaye zenye viini 10 na zaidi. Anayesema "nina i5" amekuambia ana gunia. Hajakuambia kilo.

Kilo zimo katika namba inayofuata. Chukua prosesa iitwayo i5-4570T. Herufi i na 5 ni daraja lake ndani ya ukoo wake. Tarakimu 4 inayofuata ni kizazi, yaani hiki ni kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2013. Tarakimu 570 ni cheo chake ndani ya kizazi hicho. Herufi T mwishoni inaeleza kwamba imefungwa ili itumie umeme kidogo. Kuanzia kizazi cha kumi zinasomwa tarakimu mbili: i5-10400 ni kizazi cha 10, si cha kwanza. Na ukikuta tarakimu tatu tu, kama i5-650 au i7-870, hicho ndicho kizazi cha kwanza, cha miaka ya 2009 na 2010. Mashine ya namna hiyo usiinunue kwa kazi ya biashara hata ukipunguziwa bei.

Daraja lina maana ndani ya kizazi kimoja tu. Ndani ya kizazi cha nne, i7 ya mezani kwa jumla inaizidi i5, na i5 inaizidi i3. Ukivuka kizazi, ngazi hiyo inavunjika.

Mashine tatu mezani

Tuchukue mfano wa mashine tatu ambazo mfanyabiashara anaweza kuzikuta katika maduka ya mitumba ya kompyuta wakati wowote.

Ya kwanza ina i7-2600, ya mwaka 2011. Viini 4, kila kiini kikiweza kushika nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo nyuzi 8. Mwendo wa kawaida gigahezi 3.4. Imetengenezwa kwa utaratibu wa nanomita 32, na kipimo chake cha joto ni wati 95.

Ya pili ina i5-4570T tuliyoitaja. Viini 2 tu, nyuzi 4, gigahezi 2.9, nanomita 22, wati 35.

Ya tatu ina i3-8100, ya mwaka 2017. Viini 4, nyuzi 4, gigahezi 3.6, nanomita 14, wati 65.

Kwa stika, mpangilio wa bei ungekuwa i7, i5, i3. Muuzaji asiyejua, au anayejua sana, atazipanga hivyo hivyo. Kwa kazi, mpangilio unageuka. Ile i3 inaishinda i7 ya 2011 kwa mbali katika kazi inayotumia kiini kimoja, yaani sehemu kubwa ya kazi za ofisi. Hata zote mbili zikifanya kazi kwa viini vyote, i3 hiyo kwa kawaida hutangulia kidogo, na hutumia umeme pungufu. Ile i5 ya katikati inabaki ya mwisho pale kazi inapokuwa nyingi, kwa sababu ina nusu ya viini.

Mwandishi wa somo hili amenaswa na hiyo ya katikati. Niliona kijisanduku chembamba, kizuri, kimeandikwa i5, nikalinganisha bei na i5-4570 ya kawaida niliyowahi kuitumia ofisini, nikaona nimeokota dhahabu. Ile ya ofisini ilikuwa na viini 4. Yangu ilikuwa na 2, na tofauti yote ilikuwa herufi moja ambayo sikuisoma. Bado ipo, inachapa barua na risiti, hainidai chochote. Lakini nililipa bei ya viini 4.

Tahadhari: T haimaanishi viini 2 kila mara. i5-4590T ina viini 4, ila mwendo wake wa kawaida umeshushwa hadi gigahezi 2.0. Ndiyo sababu hatuwezi kumpa msomaji kanuni ya herufi moja. Inabidi namba yote iangaliwe.

Kiini, mwendo na meno ya msumeno

Mtu wa Njombe hahitaji mfano wa mbali kulielewa hili. Katika msitu wa paina, mwenye mashine moja ya ding-dong anaweza kuongeza mbao kwa njia tatu. Anaweza kuongeza mashine ya pili na ya tatu. Anaweza kuuzungusha msumeno kwa kasi zaidi. Au anaweza kuweka msumeno wenye meno bora, unaokata kina zaidi kwa kila mzunguko.

Mashine ni viini. Mzunguko ni mwendo wa saa ya prosesa, ambao hupimwa kwa gigahezi: gigahezi 3.2 ni mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde. Meno ni ustadi wa muundo, yaani kazi inayokamilika katika kila pigo, na hilo halimo kwenye stika wala kwenye karatasi ya duka. Linafichwa ndani ya kizazi.

Wanunuzi wa dunia nzima waliwahi kuumizwa na kipimo cha pili. Prosesa ya Pentium 4 ilitoka mwaka 2000, na kampuni ikawafundisha watu kuhesabu mwendo tu. Mwaka 2004 mwendo ulifika gigahezi 3.8, joto likawa zaidi ya wati 100, na mpango wa kufika gigahezi 4 ukafutwa mwaka huo huo. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo, ya chini yake ikiwa na gigahezi 1.86 tu, nayo ikazipita katika kazi nyingi zile za zaidi ya gigahezi 3. Aliyenunua kwa kuhesabu gigahezi alibaki na jiko la umeme mezani.

Viini navyo vina udanganyifu wake. Msumeno wa pili hauna faida kama kuna gogo moja na mtu mmoja wa kulisukuma. Programu ya hesabu, barua, na fomu za mtandaoni za mamlaka ya kodi au za mikopo ya wanafunzi, hizi hutegemea zaidi kiini kimoja chenye kasi. Viini 4 vinawatosha wenye steshenari. Mwenye studio ya video ni mtu tofauti: kusafirisha harusi ya saa tatu kwenda kwenye faili la mwisho ni kazi inayogawanyika, na kwake viini 6 vyenye nyuzi 12, kama vya i7-8700 au i5-10400, vinamrudishia saa nzima za usiku. Kwake tofauti ya bei ni mtaji.

Kuanzia kizazi cha 12, ambacho kilianza kutoka mwishoni mwa 2021, Intel ilichanganya viini vikubwa na viini vidogo katika chipu moja. i5-12400 ina viini 6, vyote vikubwa. i5-13400 ina 10, lakini 6 ni vikubwa na 4 ni vidogo. Ukiambiwa "hii ina kumi", uliza vikubwa ni vingapi.

Gogo moja, mbao za madaraja

Sehemu hii ndiyo inayoeleza kwa nini kuna majina mengi namna hiyo, nayo haipatikani kwa wauzaji wengi.

Prosesa huchongwa kwenye sahani nyembamba ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300. Sahani moja hutoa chipu mamia. Hazitoki sawa. Chembe moja ya vumbi, au kasoro ndogo kwenye silikoni, huharibu sehemu ya chipu moja na kuiacha jirani yake nzima. Baada ya hapo kila chipu hupimwa: viini vingapi vinafanya kazi, inahimili mwendo gani, inataka umeme kiasi gani. Iliyo kamili inauzwa kwa jina kubwa. Yenye kiini kibovu, kiini hicho hufungwa, na inauzwa kwa jina dogo. Isiyohimili mwendo mkubwa hupewa mwendo mdogo. Ni kazi ile ile ya kupanga mbao za gogo moja: zisizo na fundo upande huu, zenye fundo upande ule, na kila upande una mnunuzi wake. Ubao wenye fundo ukitumika mahali pake si ubao mbaya.

Mwaka 2008 kampuni ya AMD ilileta prosesa za Phenom X3 zenye viini 3. Zilikuwa chipu za viini 4 ambazo kimoja kimefungwa. Mwaka 2009 baadhi ya wanunuzi wa Phenom II X3 walifanikiwa kukifungua kiini cha nne, na kwa wengine kilifanya kazi vizuri. Hapo msomaji mwenye biashara atajiuliza: kama kilikuwa kizima, kilifungwa kwa nini? Kwa sababu soko la bei ya chini lilikuwa na oda nyingi kuliko chipu mbovu zilizopatikana. Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1991 Intel iliuza 486SX kwa bei nafuu. Zile za mwanzo zilikuwa 486DX ambayo sehemu yake ya hesabu za desimali imezimwa. Hata i5-12400 ya 2022 imetoka kwa asili mbili: nyingine zimechongwa kwa viini 6 tangu mwanzo, nyingine ni chipu kubwa zaidi zilizofungwa viini vya ziada. Jina moja, bei moja, kazi ile ile.

Kwa mnunuzi wa Makambako maana yake ni kwamba prosesa ya jina dogo si feki wala si mbovu. Ilipimwa kiwandani kwa kiwango kilichoandikwa juu yake. Usiogope jina dogo la kizazi kipya. Ogopa jina kubwa la kizazi cha zamani.

Kuhusu nanomita tutapita haraka. Namba ikishuka, vipande vya ndani vimekuwa vidogo, vinaingia vingi zaidi mahali pale pale na vinakula umeme kidogo kwa kazi ile ile. Lakini siku hizi namba hiyo ni jina la utaratibu wa kiwanda kuliko kipimo cha rula. Intel ilibaki na nanomita 14 kwenye chipu zake za mezani hadi kizazi cha 11 mwaka 2021, wakati AMD tangu 2019 ilikuwa ikichongewa zake za Ryzen kwa nanomita 7 na kiwanda cha TSMC cha Taiwan. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilileta Core Ultra za mezani, ikaliacha lile jina la i, na viini vyake vikachongwa TSMC. Mashine hizo zitachukua miaka kufika kwenye mitumba ya kwetu.

Umeme na vumbi

Wati zilizoandikwa kwenye prosesa ni kipimo cha joto linalopaswa kuondolewa, si bili. Mashine iliyotulia hutumia kidogo sana kuliko hapo. Hata hivyo hesabu inafaa kufanywa. Tuseme mashine moja inazidi nyingine kwa wastani wa wati 40, inafanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni uniti 10.4. Kwa mashine 6 ni uniti 62.4 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya LUKU, kisha zidisha kwa 12, ndipo ulinganishe na punguzo ulilopewa kwenye mashine ya zamani.

Baridi ya Njombe inazisaidia prosesa. Upepo wa Makambako hauzisaidii. Vumbi la barabarani na unga wa mbao vikijaa kwenye feni, joto hupanda, na prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Tumewahi kuona mashine ya gigahezi 3.6 ikitembea chini ya 2, na mwenyewe akiwa njiani kwenda kununua nyingine. Ilihitaji brashi na dawa mpya ya kupitisha joto.

Bei inakoelekea

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inazikubali rasmi, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea isipokuwa chache, na kwa upande wa AMD, Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Ofisi za Ulaya na Marekani zina sababu ya kuziondoa mashine za kizazi cha 4 hadi cha 7 kwa wingi, na mashine zinazoondolewa kule ndizo zinazotafuta soko huku.

Kwa maoni ya ukurasa huu, mpaka sasa ni kizazi cha 8. Chini ya hapo, nunua kwa matumizi yako mwenyewe ikiwa bei ni ya chini kweli na kazi haigusi fedha za wateja mtandaoni, au ikiwa una fundi wa kukuwekea Linux. Usinunue mzigo wa kizazi cha 6 au 7 ukitegemea kuuza mwakani kwa faida. Tofauti ya kizazi cha 7 na cha 8 si ya Windows tu: i3-7100 ina viini 2, i3-8100 ina 4, i5-7500 ina 4, i5-8500 ina 6. Ni mara chache kizazi kimoja kuruka namna hiyo.

Fedha zikibaki, usizipeleke kwenye prosesa kubwa zaidi. Diski ya SSD na RAM ya kutosha vitaonekana na mteja wa steshenari kuliko kupanda kutoka i5 hadi i7.

Dukani

Mwombe muuzaji aiwashe. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji, uchague CPU. Juu kulia utasoma jina kamili la prosesa; chini utasoma idadi ya viini, idadi ya nyuzi na mwendo wake wa kawaida. Iandike namba yote pamoja na herufi ya mwisho. Herufi K ni prosesa inayoruhusu kuongezewa mwendo, jambo lisilomhusu mwenye duka. Herufi F inamhusu sana: prosesa hiyo haina sehemu ya picha, kwa hiyo bila kadi ya picha iliyochomekwa pembeni skrini haitaonyesha kitu. i3-9100F na i5-9400F ni za namna hiyo, na bei zake huvutia.

Ikiwa umeme umekatika na huwezi kuona kwa macho, jina la mashine linaweza kusaidia. Kwa Dell OptiPlex, 7010 ya mwaka 2012 ni kizazi cha 3, 9020 ni cha 4, 7040 ni cha 6, 7050 mara nyingi ni cha 7, na 7060 ni cha 8. Kwa HP EliteDesk 800, G1 ni kizazi cha 4 na G4 ni cha 8. Jina la sanduku halikuambii kama ndani kuna i3 au i7, na prosesa huweza kubadilishwa na fundi, kwa hiyo usilipe yote mpaka umeme urudi. Namba uliyoiandika iingizwe kwenye risiti, si "kompyuta i5 moja".